Ulimi wa Kuazima

Watangazaji wa mpira wa redio za kwetu, timu ikishaingia fainali, husema imekata tiketi. Mimi na mwenzangu tulilibeba neno hilo mpaka Durban, na kwetu tiketi ilikuwa moja tu: kutoka kwenye sinki la masufuria kwenda kusimama jikoni, mbele ya moto. Tulikuwa Watanzania wawili katika hoteli moja ya ufukweni, yeye Mtanga, mimi mtu wa Dodoma, na tulipanga chumba kimoja mtaa wa Albert Park, ghorofa ya sita, lifti mbovu mwaka mzima.

Kazini nilimtangulia. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi, nikamfundisha kukwangua sufuria bila kulikwaruza. Lakini upishi alizaliwa nao. Siku moja mpishi mmoja hakutokea, mwenzangu akaingia akakaanga kamba, na mpishi mkuu, Mzungu asiyejua kusifu, akala sahani nzima amesimama. Basi ilipotangazwa kwamba jikoni anatakiwa mtu mmoja, aliyeitwa kujaribiwa alikuwa yeye. Nikampongeza, nikamshika mkono, na roho ikaniuma vibaya. Niseme ukweli, kilikuwa kijicho. Sina jina jingine la kukipa.

Mwaka ule, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Ramadhani iliangukia Desemba. Hoteli imefurika watu wa likizo, na jua la huko mwezi huo halina haraka ya kuzama. Jaribio likapangwa saa kumi jioni: mchuzi wa kondoo wa kutosha watu arobaini. Mwenzangu alikuwa amefunga. Nilimshauri aombe siku nyingine, akasema kwa bosi yule ukiomba kuahirishiwa umeshajikataa mwenyewe. Jirani yetu Mkongomani, Muislamu mwenzake, akamkumbusha kwamba mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. "Iko ruhusa, kaka," akamwambia.

Mwenzangu akacheka. "Najua ipo. Ila mimi na mate yangu hatuaminiani. Kwetu mama akifunga, huonjewa chumvi na asiyefunga." Akanigeukia. "Wewe hufungi, ndugu yangu. Utanionjea."

"Wala usijali," nikamjibu.

Siku ilipofika alipika macho yote yakiwa kwenye sufuria. Aliponiita nikatoka kwenye sinki mikono inachuruzika maji, akaninyooshea upawa, nikaonja. Ule mchuzi, jamani! Ulikuwa umekaa. Chumvi mahali pake, ndimu mahali pake, hakuna kilichomzidi mwenzake. Hata leo nikiwa na njaa naukumbuka. Nikasema, "Bado kidogo. Ongeza."

Akaongeza. Nikaonja tena, nikasema, "Bado."

"Kweli?" Aliuliza bila shaka yoyote, alitaka kuhakikisha tu.

"Kweli."

Akachota kwa mkono, akatia, akakoroga taratibu. Neno la kwanza lilinitoka kabla sijalipima. La pili nililipima.

Mpishi mkuu akatia kijiko kimoja mdomoni. Akanywa maji, glasi nzima, kisha akamuuliza kwa upole kama anaumwa. Mama wa Kizulu aliyekuwa anakata mboga akasema "eish" chinichini, mguno wa huko wa masikitiko, akageukia karoti zake. Ikaishia hapo.

Jua lilipozama alifungua kwa tende na maji, amekaa juu ya kreti nyuma ya jiko. Nilikaa karibu naye, maana ningekaa wapi? Akainuka, akachota kijiko cha ule mchuzi, akatia mdomoni. Alikaa nao kidogo, akaumeza. Niliona usoni mwake kwamba amefahamu. Nilingoja anitukane, kwa kweli nilitaka anipige, tumalize. Akasema, "Mkono wangu ulizidi," akamwaga mchuzi wote, akavuta sufuria akaanza kuliosha.

Baada ya Idi nikaitwa mimi kujaribiwa. Mchuzi uleule, wa watu arobaini vilevile. Kwa woga nilionja mara nyingi hata ulimi ukafa ganzi, nikawa sijui chumvi wala maji. Yeye yuko kwenye sinki, ananiona ninavyohangaika. Akafuta mikono, akaja, akachukua kijiko bila kuombwa, akaonja.

"Imetosha," akasema. "Usiongeze kitu."

Nikasimama pale na chumvi vidoleni, simwamini. Mimi, nisimwamini yeye! Nilidhani zamu yake imefika. Sikuongeza, lakini msinisifu: mpishi mkuu alikuwa ameshafika, nikaona haya kutia chumvi mbele yake. Akaonja, akavuta sahani, akala mpaka mwisho.

Nikakata tiketi. Kesho yake nikavaa koti jeupe, na masufuria niliyoyachafua yakaanza kwenda kwenye sinki, kwake. Tuliendelea hivyo miezi minane, mpaka alipohamia Cape Town. Sikuwahi kumwambia, naye hakuwahi kuniuliza. Kila nilipompelekea sufuria alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mpishi," na nilisikiliza sana kama kuna kejeli katika neno hilo. Haikuwepo hata siku moja.