Kipande Alichokichagua Dede

Wakati wetu pale Dilala, ordi, yaani kompyuta, haikuwaka rangi rangi kama mti wa Noeli. Ilikuwa sanduku la kijivu lenye kunguruma, na ukiliwasha ulikuwa na muda wa kwenda kuchota maji, kurudi, na kulikuta bado linajikusanya. Watoto wa leo mchezo ukichelewa kidogo tu wananuna. Sisi tulisubiri tukila mikate ya asubuhi, vidole tukivipangusa kwenye kaptula ili Mama asione mafuta kwenye vitufe vya klavie.

Ile ordi Tata, baba yetu, alipewa kazini, ofisi yao ilipobadilisha mashine. Aliileta nyumbani kwa ajili ya mdogo wangu Dede. Dede alizaliwa na ule ugonjwa wa damu tunaouita SS. Akikimbia kidogo au akinyeshewa, mifupa ilimuuma mpaka Mama anambeba mgongoni kwenda hospitali, miguu mirefu ikining'inia. Balo, mpira wa barabarani, aliitazama dirishani. Kwenye ordi alicheza ya kwake, na alitufunga sote.

Basi batoto ba avenue, watoto wa mtaani kwetu, wakaanza kuja. Alikuja Saidi, ambaye baba yake alikuwa na lori la Lubumbashi, wakaja na wengine, tukajazana mkekani huku harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wakavu, ikitoka jikoni. Tatizo, mashine ilikuwa imechoka. Katikati ya mechi picha inaganda, mchezaji kainua mguu, na ndio mwisho.

Siku moja Tata akasema tunaweza kuongeza kipande kimoja, baba Saidi atatuletea kutoka Lubumbashi. Kimoja tu. Nyumba ikagawanyika. Mimi nilitaka kadi ya picha. Kwa jirani nilikuwa nimeona uwanja wenye majani yanayotikisika na jasho usoni mwa mchezaji, nikakosa raha. Saidi alikuwa upande wangu. Lakini fundi wa mjini alikuwa amemweleza Tata kwamba bareti ya RAM, kile kipande chembamba cha kumbukumbu ya mashine, ndiyo ingeondoa kuganda, ila picha zingebaki zilezile zilizopauka. Tulibishana hata mbele ya ugali wetu wa bukari, mpaka Mama akachoka. Akasema Dede ndiye atachagua, na mtu asimfundishe la kusema.

Dede akafikiri, akasema RAM. Nikanuna. Nikamuuliza kama hapendi kuona vitu vizuri.

"Mi napenda, yaya," akajibu polepole, akiniita mkubwa wake. "Lakini ikiganda, bote banatoka inje kucheza balo. Mi nabakia peke yangu."

Saidi aliangalia chini. Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Tata Dede, lete ile mutoto anasema."

Lori liliporudi, Tata alifungua sanduku, akapuliza vumbi jekundu, akasukuma bareti mpaka ikalia ka! Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha sana, kisha ikaacha, jua likatoka, na huko nje tukasikia mpira unadunda. Niliwatazama wale watoto mmoja mmoja. Saidi aligeuza kichwa dirishani, akakirudisha, akauliza sasa ni zamu ya nani. Mama akaleta kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kikapita mkono kwa mkono. Dede alicheka siku ile mpaka akapaliwa.

Leo Dede ana mke na kazi kule Fungurume, maumivu yakija anayajua namna ya kuyapokea. Wanangu wana mashine yenye kioo ubavuni na taa za kila rangi. Wanagombania kadi ya picha kama nilivyogombania mimi, na siwalaumu, maana kweli majani yanatikisika. Wanacheza na watu wa nchi ambazo siwezi hata kuzitamka, masikio yamezibwa, nikiwaita kula hawanisikii. Namshukuru Mungu kwa wanavyovipata. Ila mlangoni petu kuna viatu vyetu tu. Enzi zile Tata akirudi kutoka kazini alikosa pa kukanyaga kwa wingi wa kandambili za watoto wa watu, akazisogeza kwa mguu taratibu, moja moja, huku akitabasamu.