Bajeti Yangu na Mlinzi Wake

Kila mwezi mshahara wangu huishia kwa kuku. Mwezi huu nikapanga bajeti: kodi, unga, nauli, na kuku mmoja tu. Kwa kuwa najijua, nilimwendea Mama Nafula, anayeniuzia kuku hapa Matisi, nikamwambia, "Nikishanunua huyu mmoja, usiniuzie mwingine. Hata nikikwambia nina wageni, huo ni uongo wangu."

Nilimjaribu mara mbili kwa wageni hewa, akanifukuza. Nikaanza kuwahubiria majirani kuhusu nidhamu.

Jumamosi baba mkwe akafika kutoka Myanga bila taarifa, amevaa koti lake la harusi. Kwetu, huwezi kumpa mkwe sukuma wiki ukabaki na jina. Nikampitisha moja kwa moja kwa Mama Nafula, nikapanua kifua.

"Mama, nipe jogoo mkubwa kabisa. Nimetembelewa na baba mkwe!"

Mama Nafula alimkagua mzee kuanzia kofia hadi viatu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe bana! Ati siku hizi unakodi mpaka wazee? Na wewe mzee, amekuahidi nini? Firigisi?"