Timu Isiyo na Filimbi

Mkeka mpya wa mafunjo una harufu yake: maji yaliyolala, matope, na kitu kama majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika. Juzi nilinunua mmoja kando ya barabara ya Dunga, nikaukunjua sebuleni, na kabla sijaketi nywele za mikono zikanisimama. Mume wangu alicheka. Yeye ni mtu wa Kakamega, hajui mafunjo yanaweza kuficha nini. Basi nitawaeleza ninyi, maana yeye nilishamweleza akalala katikati ya hadithi.

Mtaa wetu ulikuwa mwisho wa mji wa Kisumu, pale nyumba za mabati zinapokoma na mafunjo ya ziwa yanapoanza. Katikati palikuwa na uwanja wa kanisa, wenye magoli ya miti ya mikaratusi. Uwanja wenyewe uliinama upande mmoja, kiasi kwamba timu iliyoshambulia kwa kuteremka ilikuwa na Mungu upande wake. Nililelewa na nyanya yangu, ambaye kwa Kijaluo tulimwita dani. Alitoka Nyakach, upande wa Pap Onditi, na alikuja mjini na imani mbili: ya kanisa asubuhi, na ya wazee wake jua likishazama. Hakuona ugomvi wowote kati ya hizo mbili, na mimi sikuthubutu kumwonyesha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati redio ilipokuwa ikitaja Rwanda kila siku na wakubwa wakiizima tukiingia. Kanisa lilipokea familia moja kutoka huko, ikapewa chumba nyuma ya ukumbi. Familia nasema kwa heshima tu. Alikuwa mwanamke mmoja mkimya na watoto wawili wa kaka yake, Dativa na Kizito. Dativa alinizidi mwaka hivi. Kizito alikuwa bado anaota meno ya mbele. Walikuwa wamekaa kambini Tanzania kabla ya kufika kwetu, kwa hiyo Kiswahili cha Dativa kilikuwa safi kuliko chetu, jambo lililotuudhi sana. Sisi tulisema, "Leta hiyo boli!" Yeye alinyoosha mkono na kusema, "Naomba." Tulimwiga mpaka tukachoka, naye hakukasirika, akaendelea kuomba.

Tulianza kuwaogopa siku ya kucheza brikicho. Mnaujua mchezo huo wa kujificha: mtafutaji huita, "Brikicho! Nije?" na waliojificha hujibu, "Usije!" mpaka wawe tayari. Dativa na Kizito hawakujibu. Tuliwapata wengine wote, hao wawili hatukuwaona. Tuliita, tukatukana, tukasema mchezo umekwisha, tukaenda kunywa uji. Jua lilipoinama, nilipita karibu na tangi la maji la kanisa, mahali nilipokuwa nimepatazama mwenyewe kwa macho yangu, nao wakatoka pale wameshikana mikono. Kizito alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuna aliyecheka wala kujisifu kwamba ameshinda. Niliporudi nyumbani nilimwambia dani kwamba watoto wale si watu kamili.

"Nyamaza," akasema dani. "Mgeni hasemwi hivyo." Lakini niliona akitazama dirishani.

Mwalimu Ogutu hakuwa na subira na mambo ya namna hiyo. Alikuwa mwalimu wetu wa michezo, mrefu, mwenye kitambi kilichokuja kabla ya umri wake, na alikuwa na filimbi ya chuma aliyoivaa shingoni hata akienda misa. Aliipenda filimbi ile kuliko sauti yake mwenyewe, na sauti yake aliipenda sana.

"Hawa watoto hawatakaa hapo kwa ukuta kama watu wa matanga," alitutangazia. "Wataingia uwanja. Boli haiulizi mtu ametoka wapi. Ama iko mwenye ako na shida?"

Hapakuwa na mwenye shida. Tulijipanga, wavulana kwa wasichana kwa sababu hatukutosha, na Dativa na mdogo wake wakasimama pale walipoelekezwa. Mwalimu akavuta pumzi, akapuliza.

Nilipogeuka hawakuwepo. Sikuwaona wakikimbia wala kusikia miguu. Palikuwa na ndara moja ya Kizito kwenye mstari, imelala kichwa chini. Sisi tulicheka kwanza, kama watoto wanavyocheka wakiona ajabu, kisha kicheko kikatuishia mdomoni. Mwalimu aliwakuta nyuma ya tangi lile lile. Alikwenda kuongea na shangazi yao mlangoni, mazungumzo marefu ya sauti ya chini, na aliporudi alikuwa amevua filimbi. Aliiweka mfukoni na sikuiona tena shingoni mwake.

"Mtu akiumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka," alituambia, na hakueleza zaidi. Nilikuwa mtu mzima nilipojua. Kule kwao wauaji waliitana kwa filimbi walipokuwa wakipekua vichaka na mabwawa, na waliowaita watu kwa majina yao watoke mafichoni walikuwa majirani.

Tangu siku hiyo tulicheza kwa kitambaa. Mwalimu alikuwa na leso nyeupe kubwa ya jasho: ikiwa juu, cheza, ikishuka, simama. Asiyetazama alijikuta anakimbia peke yake kama kuku aliyekatwa kichwa. Kupiga kelele nako kulikatazwa, kwa sababu Kizito alikuwa akiruka kila mtu alipopaza sauti. Tulinung'unika sana, maana mtoto wa Kisumu kucheza boli bila kupiga kelele ni sawa na kula samaki bila mikono. Lakini mazoea yana taabu. Baada ya muda tulijua nani yuko wapi bila kuita. Ulisikia pumzi, vumbi, na ngozi ya mpira ikigonga nyayo. Kizito alikuwa na mbio za panya, na Dativa, ambaye shingo yake haikuacha kugeuka kutazama nyuma, aliona pasi kabla haijatoka. Tulipocheza na wavulana wa Kaloleni walitucheka mwanzoni. Kufikia mapumziko walikuwa wamenyamaza wao pia, na mmoja alimuuliza mwalimu wake kama sisi ni mabubu au ni majini. Tulishinda, na kwa mara ya kwanza nilimwona Kizito akitabasamu, akasahau kuficha mapengo yake.

Masista walitushonea fulana kutoka kwa shuka kuukuu za zahanati, nyeupe, ndefu kupita kiasi. Tukawa tunazivaa kila jioni kwa kiburi.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu nyawawa, kwa wale ambao si wa ziwani. Jioni nyingine upepo hutoka ziwani ghafla, na wazee wetu husema ndani yake wanapita nyawawa, roho zisizo na kwao, kundi zima likitafuta pa kuingia. Anayewasikia kwanza hugonga chochote cha bati, jirani yake hupokea, na mtaa mzima hugonga sufuria na madebe na milango mpaka wapite waende mbele. Na huko mbele nao hugonga. Ndivyo tulivyolelewa. Sufuria kwetu ilikuwa ya kupikia na ya kufukuzia.

Jioni hiyo tulikuwa tumechelewa uwanjani. Jua lilikuwa limeshaingia majini na mwanga ulikuwa wa kijivu. Upepo ukaja, vumbi likainuka mpaka magotini, nasi tukaendelea kucheza kimya kwa sababu leso ilikuwa bado juu. Mama Pamela, aliyekuwa akikaanga mgongo wazi, yale mabaki ya samaki aina ya mbuta yaliyotolewa minofu, alikuwa akirudi nyumbani na karai lake kichwani. Jaribuni kuona alichokiona: viumbe vyeupe visivyo na miguu, vinakimbia huku na huku ndani ya vumbi bila sauti hata moja, na katikati yao jitu refu limeinua kitambaa.

"Yaye! Nyawawa! Nyawawa ndio hawa!" Akashusha karai, akaanza kuligonga kwa mwiko.

Mtaa ukapokea. Mabati, madebe, vifuniko, mageti, mbwa, watu wakitoka na michi na fimbo wakipiga mayowe, "Piteni! Endeni huko!" Mtu fulani alikuwa na filimbi. Na sisi, mtaamini? Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba nyawawa ni sisi. Tulidhani wako nyuma yetu. Tulikimbilia makwetu tukilia, na mimi nilipofika mlangoni nilinyakua sufuria ya ugali nikagonga kando ya dani kwa nguvu zangu zote, nikijifukuza mwenyewe.

Kelele zilipokufa, shangazi yao akina Dativa alikuwa amesimama uwanjani na kanga yake imeanguka. Hakulia. Alisema tu, "Watoto wangu wako wapi?"

Kwenye tope, kuelekea mafunjo, nyayo za watoto wawili zilikuwa zimeingia na hazikutoka. Hiyo ndiyo saa ambayo viboko hutoka majini kwenda kula majani, na tulimsikia mmoja akikoroma si mbali. Watu wale wale waliokuwa na fimbo wakaanza kuita, "Dativa! Kizito! Njooni, hakuna kitu!" Waliita vizuri, kwa upendo. Mafunjo yalitikisika mahali fulani, kisha yakatikisika mbali zaidi.

"Nyamazeni!" Mwalimu Ogutu alisema, na sauti yake ilipasuka. "Msiite tena. Mkiita ndio wanaenda ndani."

Alitugeukia sisi. Uso wake ulikuwa umelowa. Akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Watoto, hebu tucheze."

Tukashuka mpaka pale tope linapoanza, fulana zetu nyeupe mwilini, na mwalimu akainua leso. Mtaa mzima ulisimama nyuma yetu na sufuria mikononi, hakuna aliyekohoa. Tulicheza. Sijawahi kuogopa hivyo kabla wala baadaye. Giza lilikuwa linameza mpira, nikawa naupokea kwa kusikia, nikiutoa kwa kusikia, na pembeni mwa macho yangu kuta nyeusi za mafunjo zilikuwa zikipumua. Nilikuwa nikisali kwa Mungu wa asubuhi na kwa wale wa dani wa jioni, wote pamoja. Nilimtaka Dativa arudi, na nilimwogopa akirudi.

Mpira ukanijia mguuni. Nikausimamisha. Karibu sana na sikio langu, mtu akasema taratibu, "Naomba."

Alikuwa amelowa mpaka kifuani, ananuka mafunjo na matope. Kizito alikuwa ameshika fulana yake kwa nyuma, macho amefumba. Nilimpa mpira. Akampasia mwenzetu, naye akapasia mwingine, na mwalimu hakushusha leso. Alituacha tucheze mpaka hatukuonana kabisa, na nilimsikia akilia hapo aliposimama.

Dani aliwaleta kwetu wakauke. Aliwapa uji na kuwaeleza, kwa Kiswahili chake cha Nyakach, kwamba mtaa haukuwa unawafukuza wao.

"Nyawawa ni watu walikufa vibaya, mtoto wangu. Wengine maji ilikula. Hakuna mtu aliwazika, hawana boma. Upepo ndio inawabeba."

"Mnawafukuza waende wapi?" Dativa aliuliza.

"Mbele. Kwa watu wa mbele."

"Na watu wa mbele?"

"Hao pia wanapiga sufuria."

Dativa aliushika uji wake kwa mikono miwili, akafikiri. "Basi hawafiki," akasema.

Dani alichukua upawa, akamwongezea uji.

Walibaki mtaani, kwa shangazi yao, na mambo yakawa mepesi. Mama Pamela alikuwa akituletea mgongo wazi kila baada ya mazoezi, akijitetea kwamba alijua tangu mwanzo ni sisi. Mvua zikaja zikaisha. Kisha jioni moja upepo ukatoka ziwani tena, na kabla debe la kwanza halijalia dani alinituma nikimbie nikawalete Dativa na Kizito kwetu. Tuliketi wanne kwenye benchi. Mtaa ukaanza kugonga. Nikaenda kuchukua sufuria, dani akanipokonya, akairudisha mahali pake, akaenda akaufungua mlango wazi, kisha tukarudi benchini. Taa ikazimika. Pazia likainuka, likakaa juu muda mrefu, kana kwamba mtu amelishikilia wengine wapite.

Dativa alisimama. Hakukimbia. Alitazama mlangoni, akasema kwa adabu zake zile, "Karibuni." Kisha akaketi, akamsogeza Kizito, akasogea naye, ikabaki nafasi kwenye benchi.

Nilidhani amejifunza mila zetu vibaya. Nilitaka hata kumsahihisha, kwamba nyawawa hawakaribishwi. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa, nikiosha vyombo mchana, nikaketi chini jikoni nikalia. Dativa hakuwa akiwakaribisha watu wa ziwa letu. Alikuwa na wake, baba na mama, ambao hakuna aliyewazika, na hakujua upepo ulikuwa umewafikisha wapi.

Dani alielewa pale pale. Alisogea. Nami, kwa kuwa wote walikuwa wamesogea, nikasogea.