Jiwe Nililolilamba

Shangazi alinikuta jikoni kwangu, Ganshoren, huku ughaibuni, nikilamba jiwe, na kabla sijameza mate alikuwa ameshapiga vigelegele. Kwetu Lubumbashi mwanamke anayelamba udongo ana mimba, hakuna maelezo mengine.

Mimi nasoma miamba! Jiwe likiwa kavu huficha michoro yake. Ukililowesha kidogo kwa ulimi, inajitokeza. Hili lilikuwa na mistari iliyokutana kama vigae vya bafuni, vingine pande tano, vingine sita.

“Tantine, hii ilikuwa matope,” nikamwambia. “Maji yalikauka, matope yakasinyaa, yakapasuka, nyufa zikakutana. Mchanga ukajaa ndani ya nyufa, matope mengine yakafunika juu, na baada ya miaka mingi mno yote yakawa jiwe.”

Alisikiliza kwa makini sana.

“Donc, basi ni udongo.”

“Wa zamani, tantine. Kabla ya watu.”

“Bon. Na mutoto atazaliwa mwezi gani?”

Nilikasirika mpaka chai ikamwagika. Kufikia jioni, Lubumbashi nzima ilikuwa inanipongeza kwa simu, nami nakana hadi sauti ikakauka.

Jumapili shangazi akarudi kutoka soko la stesheni ya Gare du Midi na mfuko wa udongo mweupe wa kula. Kipande cha juu kilikuwa kimepasuka vilevile, pande tano, pande sita. Nikakilamba, kwa ajili ya masomo tu.

Nikamaliza mfuko mzima. Jumatatu asubuhi nikapita famasi, kimyakimya, kununua kipimo cha mimba.