Siku Niliyopewa Baragumu Arua

Ile siku ya semina kule Arua haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka miguu yangu hutaka kucheza, mizee hii isiyojua umri wake. Wewe kesho unaingia semina yako ya kwanza ya walimu wa muziki hapa Koboko. Jana nimekusikia ukimnong'oneza mwenzako kwamba utakaa nyuma, uandike, usikilize tu. Nikacheka peke yangu. Weka kwanza hiyo simu, nikusimulie.

Nilikuwa mwalimu mpya Kuluba, msichana mwembamba wa Kikakwa, viatu vipya na woga tele. Madamu Poni, waliniita. Mwalimu mpya hupewa kile ambacho wenzake wamekikimbia, na pale shuleni wote walikuwa wamekimbia muziki. Basi nikapewa muziki. Na mimi, mwanangu, nilikuwa siimbi. Sisemi niliimba vibaya, hapana. Nilikuwa siimbi kabisa.

Chanzo chake ni hiki. Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu wetu alikuwa akitutayarisha kuwaimbia wageni. Akapita nyuma ya mistari yetu, sikio kalitega, na alipofika kwangu akanigusa bega. "Wewe fungua mdomo tu," akasema. "Sauti usitoe." Nikatii. Nilitii kuliko hata alivyotaka! Nikawa fundi wa kufungua mdomo. Kanisani nilifungua, arusini nilifungua, mpaka kwaya ikanipa joho, na kina mama wakanisifu eti naimba kwa hisia. Darasani kwangu niliandika maneno ya wimbo ubaoni, nikagonga meza kuwapa mdundo, watoto wakaimba wenyewe. Nilidhani nimewaweza watu wote.

Kumbe mwalimu mkuu alikuwa ananiangalia. Siku aliyonipa ruhusa ya kwenda semina alisema neno moja tu: "Madamu, enda Arua, soma huko vizuri. Ukirudi hivi hivi, hiyo saa ya muziki mimi napatia hesabu."

Na alikuwa mtu wa kutimiza alichosema. Roho iliniuma, kwa sababu saa ile ndiyo iliyowafanya watoto wangu waje shule mbio. Wengine walikuwa wametoka Sudan, ng'ambo ya mpaka, juzi juzi, Kiingereza cha vitabuni hakijawaingia, wanakaa darasani kimya tangu asubuhi. Saa ya muziki ikifika, walikuwa watoto kama wenzao. Ningewaambia nini? Kwamba imekwisha kwa sababu madamu wao ni bubu?

Basi nikaenda Arua, roho mkononi. Semina ilikuwa kwenye darasa la shule moja, madawati yamesukumwa ukutani, walimu tumetoka kila upande. Aliyetufundisha alikuwa Mama Ayikoru, Mlugbara wa Manibe, mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, mtu aliyezeeka akifundisha watoto wadogo kuimba. Asubuhi tukaimba wimbo wa kuchangamsha mwili. Mimi nikafungua mdomo wangu kama kawaida, nikatikisa na mabega. Hakuna aliyejua. Nikajisemea, leo pia nimepita.

Baada ya chai akaingia na mabaragumu. Hayo ndiyo agwara, ambayo wewe umeyaona kwenye sherehe tu: ya mti, mwishoni yana buyu, marefu na mafupi. Aliyaazima kwa kaka zake. Wanaume wakasogea mbele kujichagulia, naye akawazuia kwa mkono.

"Zamani hii ilikuwa ya wanaume," akasema. "Lakini leo wanaume iko kidogo, na mimi iko na haraka. Madamu, kamata hii."

Akanipa moja la wastani. Akatupanga, refu mwanzo, fupi mwisho, akatueleza. Baragumu moja lina noti moja tu, basi. Langu lilikuwa so, ile ya tano katika do-re-mi. Wimbo hauko kwa mtu yeyote, umegawanywa kwa wote, na kila mtu anapuliza zamu yake ikifika. Akatuimbia wimbo wenyewe mpaka ukatuingia, kisha akapiga makofi: anza!

Mimi nikafanya kazi yangu ya siku zote. Nikajaza mashavu, nikakaza macho, nikatikisa mabega. Sikupuliza kitu.

Lo! Katika kwaya mtu unajificha nyuma ya wenzako. Pale hapakuwa na nyuma. Wimbo ulikuja ukikimbia vizuri, ukafika kwangu, ukadumbukia. Kimya. Ukaokotwa na aliyenifuata, Mwalimu Lado, ukaenda, ukarudi, ukadumbukia tena palepale. Watu wakaanza kugeuza vichwa.

Mama Ayikoru akainua mkono, tukanyamaza.

"Hapa iko shimo," akasema. Akaja taratibu, akachukua baragumu langu, akalipuliza. Likalia vizuri kabisa. Akanirudishia. "Baragumu iko mzima. Sasa mgonjwa ni nani?"

Darasa zima likaangua kicheko, Mwalimu Lado mbavu hana. Mimi nilitaka kuufuata mlango, nikalifuate basi la Koboko, nikamwambie mwalimu mkuu hesabu ianze kesho. Miguu ikakataa. Sijui ujasiri ulitoka wapi, nikasema mbele ya wote, "Mimi niliambiwa nifungue mdomo tu. Nisitoe sauti."

Kicheko kikakatika.

"Nani alisema hivyo?"

"Mwalimu wangu wa darasa la nne."

Mama Ayikoru akageuka, akatazama kila pembe ya darasa, akachungulia na nyuma ya mlango. "Yeye iko wapi? Mimi haoni yeye. Huyo mutu hakuna hapa. Hapa iko sisi, na sisi tunangoja so yetu." Kisha akanikazia macho, na sasa hakuwa anatania. "Na wewe, watoto yako huko Kuluba, siku hizi zote wanaimba na nani?"

Neno lile lilinichoma, mwanangu. Linanichoma hata sasa.

Akapiga makofi: anza! Wimbo ukaja. Niliuona unakuja, nikasema liwalo na liwe, nikapuliza. Ikatoka sauti mbaya, ya mbuzi aliyekanyagwa, lakini ilikuwa so! Wimbo ukapita juu yangu bila kuanguka, ukafika kwa Lado, ukazunguka, ukarudi, nikapuliza tena, na safari hii ikatoka safi. Darasa likalipuka. Tukatoka uwanjani tunapuliza, tunacheza, vumbi juu, wapishi wakaacha masufuria wakaja na vigelegele. Nilicheka, nililia, sikujua kipi ni kipi. Jioni ile Mama Ayikoru akaniweka mbele, akasema imba, nami nikaimba, mara ya kwanza tangu darasa la nne. Sauti yangu ni nene, inakwaruza. Hata leo iko hivyo. Hakuna aliyekimbia.

Nilirudi Kuluba. Saa ya muziki ilipofika sikuandika kitu ubaoni. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma. Nikafungua mdomo, na sauti ikatoka.

Watoto wote wakanikodolea macho. Hawakuwahi kunisikia nikiimba. Halafu msichana mmoja wa mstari wa nyuma, mmoja wa wale waliotoka ng'ambo ya mpaka, ambaye kwa muhula mzima nilijua macho yake tu, akasema kwa sauti, "Madamu! Kumbe wewe pia iko na sauti!"

Na yeye akaimba. Sauti ile sikuwahi kuisikia, na nilipoitazama midomo yake ndipo nilipotambua, mimi ninayejua kazi ile kuliko mtu yeyote, kwamba siku zote alikuwa anafungua mdomo tu. Alikuwa amejifunza kwangu.

Mwalimu mkuu akaondoka dirishani. Saa ya muziki haikuguswa. Iko pale mpaka leo, na kelele zake utazisikia ukipita barabarani.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho usikae nyuma. Ukipewa noti yako, ipige, hata ikitoka kama mbuzi. Darasani kwako imba wewe kwanza, kwa sauti hiyohiyo uliyo nayo, maana watoto wanakuangalia mdomo. Na usipite kamwe nyuma ya watoto na sikio lako kumtafuta wa kumnyamazisha. Ukimkuta mwenye sauti ya kukwaruza, mtafutie mahali pake katika wimbo, umngoje mpaka afike. Hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya.

Haya, inuka ukalale. Mungu akupe kifua kizima na darasa lenye kelele, na watoto wako wasipungukiwe wimbo mpaka uzeeke kama mimi. Kesho nitakuwa pale mbele na mabaragumu. Lile la so nimekuwekea wewe.