Kidevu Kifuani

Kabla ya kiharusi, mdomo wangu ulikuwa na kazi mbili, kusema na kula, na zote nilizifanya kwa sifa. Nilikuwa karani katika ofisi za Bunge hapa Dodoma, lakini cheo changu cha kweli kilikuwa mwenyekiti wa kamati za harusi. Hakuna sherehe mtaani kwetu iliyofanyika kabla sijaonja pilau jikoni, kuhakikisha haitawadhuru wageni. Niliwaonea huruma sana wageni, ndiyo maana nilionja sahani nzima.

Hujafa hujaumbika. Asubuhi moja niliamka mkono wa kulia hautaki na mdomo umekwenda upande. Mkono ulirudi polepole. Maneno nayo yakarudi, maana yangu hayajawahi kukaa mbali. Kumeza ndiko kulikogoma. Hata mate yangu mwenyewe yalinipalia. Hospitalini wakanipitishia mpira wa kulishia puani, na mwenyekiti wa kamati akawa anajazwa maziwa kama trekta la dizeli.

Na binti yangu alikuwa ameshachumbiwa. Sherehe ya kumuaga ilikuwa inakaribia, na kila mtu anajua kwamba siku hiyo jambo kubwa si pilau wala muziki. Ni pale binti anapopiga magoti mbele ya wazazi na kuwalisha keki kwa mkono wake. Nilikuwa nimewapangia dakika hiyo mabinti wa watu wote. Ya kwangu ingenikuta na mpira puani, au ingeniua mbele ya wageni. Niliogopa, tena sana.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, kila kitu kikawa kinatoka nje, kuanzia suruali za mitumba hadi televisheni. Hospitalini nako ikaja mashine ya umeme wa koo: kisanduku chenye nyaya na vibandiko viwili, ambavyo dada wa mazoezi ya viungo alinibandika shingoni. Umeme ukipita, misuli inashtuka, na hapo hapo mgonjwa anatakiwa ajikaze kumeza. Mimi nilikaa nimetulia, nikisubiri mashine inimezee.

“Mzee, umeme haumezi,” aliniambia. “Unaikumbusha tu misuli kazi yake. Inamisha kidevu kifuani, halafu umeze kwa nguvu.”

Kidevu changu kilikuwa hakijashuka tangu nilipopewa uenyekiti. Nilikishusha kwa shida. Siku moja, nikitaka kumfurahisha, nilimsifia kwamba leo umeme wake unachapa kweli, nausikia mpaka masikioni. Akanionyesha feni darini. Ilikuwa imesimama; umeme ulikuwa umekatika mji mzima.

Nyumbani, mke wangu, mzaliwa wa Gulwe huko Ugogoni, aliwaza Kigogo: duniani hakuna mboga inayoteleza kama mlenda. Koo likigoma, mlenda utajipitisha wenyewe. Nami, mwanamume mwenye cheti cha ukarani, nikaona hiyo ni hoja nzito kuliko ya hospitali. Nilimwambia alete kijiko kikubwa. Mlenda uliteleza kweli, ila uliteleza kwenye njia ya pumzi. Nilikohoa mpaka mwingine ukatokea puani, sambamba na mpira.

Dada wa mazoezi hakucheka. “Kinachoteleza kinafika kabla njia ya pumzi haijajifunga,” alisema. “Nataka kitu kizito, kinachokusubiri.” Akamfundisha binti yangu kupika uji wa uwele mzito, na kuniwekea vidole viwili kwenye kikoromeo. Kikipanda na kushuka, nimemeza. Kisipopanda, asiniongezee.

Tukaendelea hivyo, umeme hospitalini, uji nyumbani. Siku mbili kabla ya sherehe mpira ukatolewa, kwa sharti kwamba nikipaliwa tena unarudi. Keki ikakatazwa kabisa kwa sababu ya makombo. Nilinuna kama mtoto aliyenyimwa andazi. Nilisema afadhali nibaki nyumbani. Mke wangu akanivisha suti.

Ukumbini, binti yangu alimlisha mama yake keki, vigelegele vikapasua paa. Kisha akaja kwangu, akapiga magoti. Sahani aliyobebewa ilikuwa na kitambaa juu. Alipokifunua, chini yake palikuwa na bakuli la uji wa uwele. Akanipa kijiko kimoja, nami nikainamisha kidevu kifuani na kufumba macho.

Wageni walidhani naomba. Waliponiona mimi, ambaye hata kanisani sikuwahi kuinamisha kichwa vizuri, nimeinama namna ile, nani angewaza vingine? Muziki ukazimwa. Nilisikia viti vikisogea, watu wakisimama. Baadaye niliambiwa kwamba Waislamu walifungua viganja, Wakristo wakainamisha vichwa, na hata mpishi alitoka jikoni akavua kofia.

Uji ulikuwa umekaa ulimini, umegoma. Mashine haikuwapo. Nikahisi vidole viwili vya binti yangu kooni.

“Sukuma, baba,” alininong'oneza. “Usiharakishe.”

Nikasukuma. Hakuna kitu. Nikasukuma tena kwa nguvu zangu zote, kikoromeo kikapanda chini ya vidole vyake.

“Umeshuka!” alisema kwa sauti.

Ukumbi mzima ukaitikia, “Amina.”

Nilipofumbua macho nilimkuta analia waziwazi, vidole vyake bado viko shingoni mwangu. Hotuba niliyoiandaa ilinitoka kichwani yote. Nikafungua mdomo, nikaomba kijiko cha pili.