Makadamia ya Karurumo na Jarida la Ng'ambo

Mwanangu, kuna siku moja kijijini Karurumo ambayo haijanitoka, hata sasa nimestaafu.

Nilikuwa mhadhiri kijana, na mwenzangu wa ofisi moja alikuwa Kathure, binti aliyetoka Kianjai, mchapakazi kuliko sisi sote. Alikuwa akichunguza ugonjwa uliokausha miti ya makadamia. Kazi aliianzia shambani kwa Mzee Njeru, mkulima wa Karurumo aliyempokea kama mtoto wake. Hatimaye akagundua kwamba ugonjwa uliletwa na udongo wa miche ya kununua.

Nikamwambia, "Basi twende tukawaambie wakulima."

Akakataa. "Ngoja jarida likubali kwanza. Habari ikitoka mapema, mtu ataiandika kabla yangu."

Sikuweza kumlaumu sana. Chuoni hatukupimwa kwa wakulima. Tulipimwa kwa majarida ya ng'ambo, na kwa wingi wa wasomi waliotutaja katika makala zao.

Jarida likakaa na kazi yake. Wakaguzi wakataka hiki, wakataka kile. Mvua ikaja, watu wakapanda miche. Ikaja nyingine, wakapanda tena. Makala ilipotoka ilisifiwa katika nchi ambazo hatujawahi kufika, na Kathure akapandishwa cheo. Ndipo tukaenda Karurumo kumshukuru mzee.

Tulikuta shamba limekauka. Njeru alikuwa ameng'oa hata miti iliyopandwa na marehemu mkewe. Kathure akamweleza chanzo. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, hii maneno ulijua lini?"

Kathure akageukia mashimo ya miti iliyong'olewa.

"Ulijua, na ulikuwa unapita hapa tukipanda?"

Akainamisha kichwa.

"Sawa," mzee akasema. "Mungu awasaidie na kazi." Akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba. Hakutufukuza, lakini hakutokea tena mpaka tulipoondoka.

Kathure aliendelea kuandika, jina lake likakua. Karurumo hakukanyaga tena.

Wewe unaanza utafiti wakati hesabu hizo za kutajwa zimekuwa kali kuliko zetu. Andika, mwanangu, tena andika vizuri. Lakini ukigundua jambo linaloweza kumwokoa mtu, mwambie yeye kwanza, jarida litasubiri. Hakuna mkubwa atakayekudai ufanye hivyo, wala hutapandishwa cheo kwa hilo.

Mungu akupe moyo wa kusema mapema, na waliokufungulia milango wasijute kukujua.